Salamu za Mwanajuri Nambari Tisa

Siku Mama Véronique alipopata wito wa kukaa juri, lile baraza la raia wanaoamua kesi mahakamani, alinibishia mlango kwa viganja vyote viwili, na nilipofungua nilimkuta na kofia ya kazini bado kichwani, anacheka peke yake. Mkononi alikuwa na karatasi. Niliitambua kabla sijaisoma, maana yangu ya aina hiyo hiyo ilikuwa imebanwa kwenye mlango wa friji wiki tatu, na nilikuwa nimekwisha kuamua nitajibu kwamba nina mtoto mdogo, jambo ambalo ni kweli, na kwamba hana mtu mwingine wa kumtunza, jambo ambalo ni uongo mtupu.

"Lydiah, bananiita," akasema. "Tribunal ya Dallas inaniita miye."

"Pole, mama."

Akanikazia macho. Kumbe nilikuwa nimempa mtu pole siku ya harusi yake.

Lazima niseme jambo moja kuhusu sisi tunaokaa Cedar Hill, nje kidogo ya Dallas. Wito wa juri ukiingia nyumbani, watu huanza kutafuta maradhi. Aliyewahi kuumwa mgongo huukumbuka mgongo. Mimi ni muuguzi, na kila mwaka naombwa barua za kuthibitisha migongo ya watu ambao Jumapili nimewaona kwa macho yangu wakibeba spika za kanisa. Naye huyu jirani yangu, mama wa miaka sitini na tatu, anayesimama siku nzima akikunja mashuka katika nyumba ya kutunza wazee kule Duncanville, alikuwa amekuja mbio kuniuliza avae nini.

Mama Véronique ni mtu wa Uvira, Kongo. Alikaa kambi ya wakimbizi Tanzania miaka minane, na Texas ana kumi na mmoja. Binti yake Carmel alizaliwa kambini. Sasa ana miaka kumi na tisa na hujibu kila kitu kwa Kiingereza hata ukimwuliza kwa Kiswahili kama amekula. Uraia wa mama ulikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Cheti chake kimetundikwa sebuleni juu ya televisheni, juu hata ya picha ya mchungaji, na mchungaji amewahi kuligusia hilo kwenye mahubiri bila kutaja jina la mtu.

"Mom, it's just jury duty," Carmel alimwambia jioni ile. "People hate it."

"Baache ba-hate," mama akajibu. "Miye nitaenda."

Nikamwuliza, jamani, kwa nini hasa? Akavuta kiti cha jikoni kwangu, akakaa, akanieleza huku bado anatabasamu. Mumewe alipofariki Uvira, shemeji zake walikwenda mahakamani kudai nyumba ambayo yeye na marehemu waliijenga pamoja. Siku ya kesi alifika mapema, mimba ya Carmel tumboni. Karani akamwonyesha benchi la nje, akamwambia asubiri ataitwa. Akasubiri mpaka saa sita. Mlango ulipofunguka, shemeji zake walitoka wakipeana mikono. Kesi ilikuwa imesikilizwa ikaamuliwa, na yeye alikuwa pale pale, hatua kama kumi kutoka alipokaa hakimu.

"Hata kulia sikulia," akasema. "Nilisikia aibu tu. Sasa miye nataka kukaa mule ndani, Lydiah. Mara moja tu. Nisikie bantu, na kisha mutu mumoja aniulize: weye Véronique, unasema nini?"

Mimi ni mtu wa mdomo, lakini hapo mzaha uliniishia. Nikamwambia avae gauni la bluu.

Hofu yake ilikuwa moja. Ile karatasi inataja mambo anayopaswa kuwa nayo mtu wa juri: awe raia, awe mkazi wa kaunti, awe anaweza kusoma na kuandika. Mama Véronique anasoma na kuandika Kifaransa, Kiswahili na Kivira. Kiingereza anakielewa vizuri, maana miaka kumi na mmoja amewasikiliza wazee wa Texas wakilalamikia mashuka, lakini kukisema anakwenda hatua kwa hatua, na aliogopa atarudishwa mlangoni. Basi nikampigia Gelasius.

Gelasius ni Mtanzania wa Bukoba, anakaa Sugar Land, na anafundisha sheria katika chuo kimoja Houston. Tulijuana zamani nilipokuwa nafanya kazi huko na kuishi Pearland. Ni mtu mwema sana, ila ukimwuliza saa ngapi atakueleza kwanza jua lilianzaje. Nikaiweka simu mezani, sauti juu.

"Swali zuri mno hilo, dada Lydiah," akaanza, na nikasikia kiti chake kikilia alivyojiweka sawa. "Sheria ya shirikisho, ile inayohusu mahakama za serikali kuu, inataja Kiingereza waziwazi. Sheria ya jimbo la Texas inasema kusoma na kuandika, basi. Sasa, wapo wanaosema sheria isomwe ilivyoandikwa: kama wabunge walitaka Kiingereza, mbona hawakuandika? Kalamu walikuwa nayo. Sisi wengine tunauliza, sheria iliwekwa kwa ajili gani? Mtu asiyemwelewa shahidi atafanya nini pale, atahesabu vigae vya dari? Na tangu zamani mahakama za Texas zimeyasoma maneno hayo kana kwamba Kiingereza kimo."

"Baba Gelasius," Mama Véronique akaingilia, "basi haikuandikwa, lakini iko?"

"Haikuandikwa lakini ipo, mama."

Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ni kama kwa mukwe. Hakuna penye baliandika ya kuwa usikule mbele ya mama-mukwe wako. Lakini iko."

Kile kiti kikalia tena. Kisha Gelasius akaomba arudie polepole, anaandika.

Ilipofika siku yenyewe, Jumatatu, nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Nilidhani tutakuwa wawili. Nikatoka nje nikakuta wanawake saba wa kanisa lao, kitenge kimoja, cha njano, wamesimama uani kwake. Kwao mtu hapelekwi mahali pa heshima peke yake kana kwamba hana watu. Tulifika mjini Dallas kwa magari matatu. Pale mlangoni, kwenye mashine ya kupekua mikoba, askari alitutazama sote, akauliza ni nani kati yetu aliyeitwa. Wanawake saba wakamnyoshea kidole Mama Véronique kwa pamoja, na mmoja akapiga kigelegele. Askari akaangalia dari. Wale saba wakaimba ubeti mmoja wa kumsindikiza, wakarudi magarini, wakaenda kazini.

Ukumbi wa kusubiria ulikuwa na watu kama mia mbili na nusu yao walikuwa wamelala. Mama Véronique akaanza kuwasalimia. Nisieleweke vibaya: kwa mkono, mmoja mmoja, kuanzia kiti cha kwanza cha mstari wa kwanza. Kwao ukiingia palipo na watu ukakaa bila kuwapa mkono, umewatukana. Alikuwa mstari wa nne, ameshamwamsha bwana mmoja mwenye kofia pana na kujua idadi ya wajukuu zake, namba yake ilipoitwa. Kundi lake la watu ishirini, ambao sita tu kati yao wangechaguliwa, likapelekwa juu kwenye chumba cha mahakama, naye akapewa nambari tisa. Mimi nikajipachika kiti cha nyuma, wanapokaa watazamaji.

Kesi yenyewe ilikuwa ya majirani wawili. Tawi la mti wa mmoja lilikatika likaangukia gari la mwenzake, na mwenye gari akashtaki. Mwenye mti alikuwa mzee mwembamba aliyevaa suruali yenye mikanda ya mabegani. Wakili wake alikuwa mwanamke wa suti ya kijivu. Wakili wa mwenye gari alikuwa kijana wa viatu vipya ambavyo vililia kila alipogeuka. Hakimu alikuwa mama wa nywele fupi za mvi. Hawa wote walikuwa wakisema Kiingereza, na Mama Véronique pia. Mimi nawaandika kwa Kiswahili ili twende.

Hakimu akawasomea masharti. Wasitafute habari za kesi kwenye simu. Wasiende kuuangalia mti. Wasizungumze wala kuchangamana na mawakili au wenye kesi. "Mnaweza kupeana salamu za kawaida," akasoma, "lakini zaidi ya hapo msizungumze nao kabisa." Kisha akauliza kama kuna mwenye shida na Kiingereza.

Nambari tisa akanyosha mkono. Nikashika pumzi.

"Mheshimiwa," akasema, "miye sina shida na Kiingereza. Kiingereza njo kiko na shida kidogo na miye."

Chumba kizima kikacheka, hakimu naye. Akamwuliza kama anaweza kurudia yale masharti. Mama Véronique akasimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame, akayarudia yote kwa kufuatana, polepole, kama mtu anayetaja majina ya watoto wake. Alipofika kwenye salamu za kawaida alitabasamu, na nikaona wazi limempendeza sharti hilo kuliko yote. Hakimu akasema yametosha. Ile hofu ya Kiingereza ikawa imekwisha kwa dakika mbili, na mimi nikaanza kupumua.

Ningejua ningeendelea kushika pumzi. Baada ya saa moja ya maswali ya kuwachuja, hakimu akatoa mapumziko ya robo saa. Watu wakatoka kwenye korido, na wote wakafanya wanavyofanya watu wa nchi hii wakiwa pamoja: kila mtu akaiangalia simu yake. Mama Véronique, kama alivyonieleza baadaye, akatazama kushoto na kulia. Akamwona wakili wa suti ya kijivu amesimama peke yake karibu na mashine ya soda. Nilikuwa chooni, na hilo nitalijutia hadi kaburini, maana niliporudi kila kitu kilikuwa kimeanza. Alikuwa ameushika mkono wa wakili kwa mikono yake miwili, na macho wameyafumba wote wawili.

Wakasema amina. Wakili akafuta jicho kwa kidole.

Nilitaka kumvuta kwa nguo. Nilichelewa, alikuwa amekwisha kuvuka kwa yule kijana wa viatu vipya, akampa mkono, na wakaongea, kijana akishusha sauti na kutikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha akaenda kwa mzee wa mti. Kisha kwa mwenye gari. Alinikuta nimeegemea ukuta.

"Mama," nikamwambia, "umefanya nini?"

"Nimebasalimia," akasema. "Juge alituruhusu."

Niliona kabisa linakokwenda. Nilimwona akirudishwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana na gauni lake la bluu, nikaona benchi lile la Uvira, na nikasikia hasira, si kwake, kwangu mimi niliyeishi naye miaka sita ukuta kwa ukuta, nikijua kwamba kumpitia tu kuazima vitunguu ni safari ya nusu saa, na nisiwahi kumwambia kwamba salamu za watu hawa huishia kwenye "asubuhi njema".

Tuliporudi ndani, kijana wa viatu vipya alikuwa wa kwanza kusimama. Akasema kwa heshima zote kwamba nambari tisa alionekana akisali na wakili wa upande wa pili, na kwamba anaomba aondolewe kwenye orodha. Hakimu akawatoa nje wale wenzake kumi na tisa, akamsikiliza kwanza wakili wa suti ya kijivu, aliyekiri kwamba aliulizwa habari za mama yake. Mama Véronique akabaki peke yake kwenye viti ishirini, mkoba magotini.

"Ulizungumza na wakili huyu?" hakimu akamwuliza.

"Hapana, mheshimiwa. Nilimusalimia."

"Ulimwuliza habari za mama yake."

"Ndiyo. Iko na mama. Balimupasua nyonga Ijumaa."

"Na ukasali."

"Yalikuwa maombi mafupi."

"Salamu hiyo yote ilichukua muda gani?"

Mama Véronique akafikiri. Nilijua anafikiri kwa uaminifu, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Kidogo tu," akasema. "Sikufika hata kwa ndugu zake."

Karani akaanza kukohoa, akakohoa muda mrefu.

Kijana akasema kwamba neno ni neno. Salamu ya kawaida ni salamu fupi isiyo na uzito, na akasoma maana yake katika kamusi kutoka kwenye simu yake. Wakili wa suti ya kijivu akasema, uso umemwiva, kwamba kamusi hiyo haikusema kawaida hiyo ni ya wapi, na kwamba sharti lile limewekwa ili mtu asirubuniwe, na yeye hakurubuni wala kurubuniwa. Hata neno moja la kesi halikutamkwa. Hapo nikaelewa ule mzozo wa Gelasius wote ambao kwenye simu niliusikiliza nusu nusu. Mmoja alikuwa ameshika maneno, mwingine ameshika sababu ya maneno, na jirani yangu amekaa katikati.

Hakimu akamgeukia kijana. "Na wewe je, alikusalimia?"

Kiatu kikalia. "Ndiyo, mheshimiwa."

"Alikuuliza nini?"

"Habari za nyumbani."

"Ukamwambia nini?"

Masikio ya kijana yalibadilika rangi. "Nilimwambia mbwa wetu ni mgonjwa."

"Akasemaje?"

"Alinipa pole. Akataka kujua kama anakunywa maji."

Sijawahi kuona chumba cha watu wazima kikijitahidi namna ile kutocheka. Hakimu alivua miwani, akaipangusa kwa joho lake, akaivaa, akaivua tena. Mwishowe akauliza kama kuna mtu yeyote katika jengo lile ambaye nambari tisa hajamsalimia. Mama Véronique akasema kwa masikitiko kwamba wako wengi, kule chini alifika mstari wa nne tu.

"Kanuni imeruhusu salamu za kawaida," hakimu akasema, na sasa alikuwa anasema taratibu ili iandikwe. "Haikusema zihesabiwe kwa saa. Kilichokatazwa ni kuzungumza, kwa sababu mazungumzo yanaweza kumvuta mtu upande mmoja. Huyu amewapa pande zote mbili kitu kile kile, na kwa kadiri ninavyoona, ndicho anachompa kila mtu. Ombi nalikataa." Kisha akamwinamia Mama Véronique. "Lakini kuanzia sasa, bibi, ukikutana nao sema habari ya asubuhi, kisha upite."

"Nipite tu?"

"Upite tu."

"Na yule wa mama mwenye nyonga?"

"Hata yeye."

Alikubali, lakini sura yake ilikuwa ya mtu aliyekatazwa kuoga. Baadaye aliniambia mbuzi ndio wanaopitana hivyo, na hata mbuzi husimama kidogo.

Hofu ya mwisho ilikuwa kwamba kila wakili ana ruhusa ya kuwaondoa watu wachache kwenye orodha bila kutoa sababu. Nilikuwa nasali kwa dhehebu langu na la kwake. Karani akasoma majina sita ya waliobaki, ndio wa kuamua kesi, na la tano lilikuwa lake. Aligeuka akanitafuta kwa macho kule nyuma. Nilimpungia mikono yote miwili, na askari wa mlangoni akaniashiria nikae chini.

Jioni nikampigia Gelasius. Niliwaza nitamsimulia tu tucheke. Nilipofika kwenye ile hoja ya kamusi alinikatiza, sauti imembadilika. Akasema ana miaka mitatu anaandika makala kuhusu majaji na maana ya kawaida ya maneno, amekwama ukurasa wa kumi na tisa, na nisimwambie zaidi. Asubuhi saa mbili na nusu nilimkuta mlangoni pa mahakama, amevaa tai, macho mekundu kwa barabara, ameendesha kutoka Sugar Land tangu alfajiri. Mama Véronique alipopita na wenzake watano alimwona amesimama nami, akajua ni nani. Akasema "habari ya asubuhi", akapita kama alivyoagizwa na hakimu, na nikaona jinsi bega lake lilivyotaka kurudi nyuma.

Ushahidi ulichukua siku hiyo nzima. Mwenye gari alisema alimwambia mzee mara moja, juu ya uzio, kwamba lile tawi halimpendezi. Mzee alikiri, alilitazama, akaliona lina majani mabichi, akaliacha. Mtaalamu wa miti alisema lilikuwa limeoza kwa ndani na fundi angeligundua. Picha zikapitishwa mkono kwa mkono, na kila picha ilipomfikia Mama Véronique ilikaa kwake kidogo kuliko kwa wengine, mpaka jirani yake akawa amenyosha mkono anasubiri. Hakimu akawaambia swali lao ni moja: je, mzee alitumia uangalifu wa kawaida, yaani alifanya kile ambacho mtu mwenye busara ya kawaida angefanya?

"Kawaida tena," Gelasius akaninong'oneza, akanifinya mkono mpaka nikaumia. Mtu mzima na tai yake alikuwa anatetemeka kwa furaha.

Siku ya tatu wale sita walijifungia wakaongea kwa saa tatu. Sisi tulikula karanga kwenye korido. Carmel alikuja kutoka chuoni, akasema yuko pale dakika tano tu, na baada ya saa mbili alikuwa bado anatembea kutoka dirisha hadi dirisha. "Is she okay in there?" akaniuliza. Nikamwambia sijui. Nikamwambia pia kwamba naogopa, na nilikuwa naogopa kweli, ingawa kama ningeulizwa naogopa nini nisingeweza kueleza.

Waliporudi, karatasi ilikuwa na saini tano. Hakimu akasoma: mzee hakutumia uangalifu wa kawaida. Katika kesi kama ile watano kati ya sita wanatosha. Mzee akaitazama mikanda yake. Wakili wake akasimama, akaomba kila mwanajuri aulizwe mwenyewe. Ni haki yake, Gelasius akanieleza kwa pumzi moja. Safari hii alikuwa mfupi.

Hakimu akaanza kuwaita kwa majina. "Hii ndiyo hukumu yako?" Wa kwanza akasema ndiyo. Wa pili ndiyo. Wa tatu na wa nne ndiyo, bila kuinua macho, maana watu walikuwa wamechoka na magari yao yalikuwa juani. Kisha hakimu akalisoma jina lake lote, majina matatu, polepole, akijitahidi kila silabi.

"Hii ndiyo hukumu yako?"

Mama Véronique akasimama. Wengine walijibu wakiwa wamekaa. Akalishika gauni la bluu mbele, akalinyosha.

"Hapana," akasema.

Hakimu akaandika kitu. "Asante," akasema, akaita jina la sita. Wa sita akasema ndiyo, na hukumu ikabaki ile ile.

Kwenye korido Gelasius alimfikia kwanza, daftari wazi, akataka kujua alisomaje neno kawaida, alilinganisha na nini, wenzake walisemaje. Mama Véronique akamjibu kwamba ule mti ulikuwa na majani mabichi, na kwamba mutu wa kawaida hamuite munganga kwa mutu mwenye kula na kulala vizuri. Wenzake walimbishia kwa saa tatu, wakamsikiliza kwa saa tatu, mmoja akamletea maji. Gelasius alikuwa anaandika akiwa amepiga goti moja. Carmel alikuwa amemkumbatia mamake kwa nyuma na hasemi neno, si la Kiingereza si la Kiswahili.

Mama Véronique hakuwa anawatazama. Alikuwa amenishika viganja, na alicheka hadi machozi yakamshuka.

"Lydiah, nilisema hapana," akasema. "Mbele ya juge. Akaniambia asante, akapita kwa mwengine."